Pistoni Mpya, Moyo wa Zamani

Jirani yangu huku Minnesota kanunua pikipiki ya theluji ya mtumba. Muuzaji aliapa kwamba ilikuwa ya mzee mmoja mpole, akiiendesha Jumapili tu. Kila injini ya mtumba duniani iliwahi kuwa ya mzee huyohuyo. Sijui alipata wapi muda wa kuziendesha zote.

Injini inawaka kwa mvuto mmoja, wala hailalamiki. Hata hivyo jirani kaifumua, akatoa pistoni mbili zinazofanya kazi na kuweka mpya, pamoja na ringi na gasketi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Injini ya mipigo miwili haina bwawa la oili chini yake. Hutegemea oili kidogo inayochanganyika na petroli. Sketi ya pistoni hulika kimyakimya, hupata ufa, kisha siku moja humeguka na vipande vikaangukia kwenye krenki. Hapo bei ya pistoni mbili hugeuka bei ya injini nzima, tena katikati ya ziwa lililoganda, nyuzi 20 chini ya sifuri, mbali na nyumbani.

Nampongeza. Mashine isiyougua kaipeleka kwa tabibu. Nikamuuliza na yeye mwenyewe, mwenye miaka 58 na anayehema akipanda ngazi tatu, alipimwa presha lini mara ya mwisho.

"Mimi?" akacheka. "Mimi siumwi kitu."

Naam. Anawaka kwa mvuto mmoja, wala halalamiki.