Pikapu ya Newala

Msimu wa korosho ukiisha, jirani yetu mmoja hapa Masasi hanunui bati wala pikipiki. Hununua magitaa ya umeme ya zamani. Juzi alipanda Newala kuulizia pikapu kuukuu. Wazee wakampeleka kwenye gari lililolala chini ya mkorosho, wakamtajia bei. Kumbe mwenzao anatafuta kile kidude cha chini ya nyuzi: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi ukitikisika, umeme unaamka.

Mwishowe akapata gita kwa mzee aliyewahi kupiga dansi. Tangu siku hiyo mtaa haulali. Linavuma kama mzinga wa nyuki. Kwanza alilaumu lehemu, kisha waya, kisha sumaku, eti imezeeka. Fundi redio akamweleza bila kuinua kichwa: koili ikiwa moja hudaka mvumo wa umeme wa nguzo, mara 50 kwa sekunde. Ndiyo maana mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson aliomba hataza ya pikapu ya koili mbili zinazopingana, mvumo ukajimaliza wenyewe. Jirani yetu akakataa: koili ya pili itaharibu uhalisi.

"Basi mjomba," fundi akamjibu, "subiri umeme ukatike. Hapo halitavuma kabisa."

Mimi nilimwomba anipigie wimbo mmoja tu. Akanitazama kama mwizi. Nyuzi zile ni za tangu enzi, akasema, zikipigwa zitachakaa.