Ushauri wa Jikoni: Mifupa, Mvuke na Mama Mkwe

Safu hii hushughulikia masaibu ya wasomaji yanayotokana na supu ya Kikantoni, yaani supu ya mifupa, mboga na viungo vikavu ambayo kwa desturi ya mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, huachwa juu ya moto mdogo kwa muda wa saa tatu hivi, lakini ambayo wengi sasa huipika kwa sufuria ya presha, ile yenye mfuniko unaofungwa ili mvuke usitoroke.

MKWE MWENYE HARAKA, aliyeolewa Guangzhou, mji mkuu wa mkoa huo, analalamika kwamba mama mkwe wake aliionja supu yake ya dakika 50, kisha akatamka mbele ya wageni kuwa hayo ni maji ya moto yaliyopitiwa na mfupa.

Jibu: Kuhusu mifupa, mama mkwe hana hoja, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo la takribani mara mbili ya lile la hewa hufikia nyuzi 120 za Selsiasi kabla ya kuchemka, badala ya 100, na joto hilo huharakisha kugeuka kwa kolajeni, ambayo ni protini ngumu ya kano na ngozi, kuwa jelatini, yaani ule ute unaoifanya supu inate midomoni. Kuhusu ladha, hata hivyo, mama mkwe ana hoja nzito, kwani sufuria ya kawaida hupunguza maji kidogo kidogo na kuikoleza supu, ilhali iliyofungwa karibu haipunguzi kitu, hivyo anayetia maji kwa kipimo cha zamani hupata supu chapwa. Kwa kilo 1 ya mifupa ya nguruwe, nusu kilo ya shina la yungiyungi, ambalo huota chini ya matope na likikatwa huonyesha matundu yaliyojipanga kama ua, konzi ya karanga zilizolowekwa na kunazi 6 za Kichina zilizokaushwa, lita 2 za maji zinatosha katika sufuria ya lita 6. Ganda la chenza lililokaushwa, ambalo lile la Xinhui, mkoani humo humo, ndilo linalosifiwa zaidi na huhifadhiwa miaka 3 au zaidi kabla ya kutumiwa, hutiwa tangu mwanzo, bali chumvi hungoja mfuniko ufunguliwe. Mkwe anashauriwa pia asitaje dakika mezani.

MWENYE SUPU YA TOPE anauliza kwa nini supu yake hutoka na rangi ya mto uliofurika, ingawa yeye hufungua vali, yaani tundu la kutolea mvuke, mara tu muda unapotimia.

Jibu: Ugonjwa umetajwa ndani ya swali lenyewe. Vali inapofunguliwa ghafla shinikizo huporomoka, na maji yaliyokuwa yametulia yakiwa na joto la kupita nyuzi 100 hufoka kwa nguvu, yakayapasua mafuta kuwa matone madogo mno na kuyachanganya na masalia ya nyama. Sufuria iachwe ipoe yenyewe kwa dakika 15 hadi 20. Kabla ya hapo, mifupa ianzwe katika maji baridi, ichemshwe dakika 5, maji hayo yenye povu la damu yamwagwe, nayo ioshwe. Anayeruka hatua hii asiisingizie sufuria.

MWOGA WA MVUKE anakiri kwamba sufuria ikianza kufoka yeye hukimbilia uani, akarudi supu ikiwa imeungua.

Jibu: Hofu hiyo ina historia yenye heshima, kwa sababu Denis Papin, Mfaransa aliyebuni chombo cha namna hii jijini London mwaka 1679 kwa lengo hasa la kulainisha mifupa, alilazimika kukiwekea vali ya usalama ili kisipasuke. Mwaka 1682 wanachama wa Royal Society, yaani chama cha wanasayansi cha London, walikula chakula kilichopikwa humo, na hawakukimbilia uani. Inatosha kutojaza sufuria kupita theluthi mbili, kukagua mpira wa mfuniko, kusafisha vali na kupunguza moto mara presha inapokamilika.

ASIYEKULA NGURUWE, wa Mombasa, anataka kujua kama supu hii imefungwa kwake.

Jibu: Haijafungwa. Guangzhou yenyewe ina Msikiti wa Huaisheng, miongoni mwa misikiti ya kale kabisa ya China, na Waislamu wa jamii ya Wahui hupika supu za ng'ombe na kondoo. Kongoro na miguu ya kuku zina kolajeni tele, ila kongoro huhitaji saa nzima au zaidi chini ya presha, pamoja na vipande vya tangawizi vya kuondoa shombo.

Kwa jumla, sufuria ya presha hufupisha kazi ya moto peke yake, wala haimwondolei mpishi wajibu wa kuosha mifupa, kupima maji, kungoja ipoe na kukoleza chumvi. Barua zinazohusu supu zitaendelea kujibiwa hapa. Zinazohusu mama mkwe zipelekwe kwa wazee wa ukoo.