Linki Imefika, Picha Ziko Wapi?

Ukipitia matangazo ya kampuni zinazowauzia wapiga picha huduma ya kukabidhi picha mtandaoni, utakuta harusi ni ile ile moja. Bwana na bibi wamesimama kwenye nyasi, wageni wao wote wanaenea kwenye fremu moja, na hakuna hata mtu mmoja aliyevaa sare ya kamati. Chini yake wameandika kwamba mteja atafungua picha zake kwa mguso mmoja tu.

Mguso mmoja! Mimi napiga picha Dar es Salaam, tena shughuli za wanawake: kicheni pati, hina, singo, sendofu. Mteja wangu si mtu mmoja wa kugusa mara moja. Mteja wangu ni mama mzazi, mama mkubwa, mama mdogo, shangazi wa upande huu, shangazi wa upande ule, somo, na dada aliyeko Muscat, na kila mmoja anagusa anavyojua yeye.

Zamani mambo yalikuwa mepesi. Unachoma sidii, unaandika jina la bibi harusi juu yake kwa kalamu ya wino mzito, unakabidhi kwa mkono wa kulia huku unapokea salio kwa mkono huo huo. Kompyuta mpya zikaanza kuja bila tundu la sidii, tukahamia kwenye flashi. Flashi nayo ina ugonjwa wa kuazimwa. Mama anampa binti, binti anampelekea mtu wa stesheneri, mtu wa stesheneri anaijazia mitihani ya majaribio ya darasa la saba, na siku inaporudi ina kila kitu isipokuwa sendofu. Kisha simu inapigwa kwa mpiga picha: "Mwanangu, zile picha si bado unazo?"

Ndiyo maana nikaamua kutafuta huduma ya mtandaoni, kila mtu achukue mwenyewe, aniambie tu asante.

Nilianza na za bure, kama ilivyo desturi ya biashara ndogo. Hapo hesabu ndiyo inayokukatalia. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000, na picha hiyo ikishahaririwa na kuhifadhiwa kwa ubora wa kuchapisha inakaribia MB 10. Sendofu moja ina picha 700 hivi, maana yake GB 7. Google inampa kila mtu GB 15 bure, lakini hizo ni za barua pepe, Drive na Photos kwa pamoja. Piga sendofu mbili, nafasi imekwisha, na barua pepe ya mteja wa tatu anayetaka kulipa kianzio inakosa pa kuingilia. Kulikuwa na neema zamani: Google Photos ilikuwa inapokea picha zilizopunguzwa ubora bila kikomo. Neema hiyo ilifungwa 1 Juni 2021, na tangu hapo kila picha inahesabiwa.

"Si unitumie tu kwa WhatsApp?" Hiyo sentensi ukiisikia, jua mteja hana neno baya na wewe. Anakuonea huruma tu unavyojitaabisha. Shida ni kwamba WhatsApp, ukiituma picha kwa njia ya kawaida, inaibana hadi upande wake mrefu ubaki na pikseli 1,600 hivi. Kwenye simu inapendeza. Kisha mama anaipeleka kutengenezewa bango la ukumbini la mita tatu, na bibi harusi anapokelewa na sura yake mwenyewe iliyojengwa kwa tofali za inchi sita. Lawama haiendi WhatsApp. Inakuja kwa aliyeshika kamera.

Tangu 2023 kuna chaguo la HD, na siku zote unaweza kuituma picha kama dokumenti ikafika nzima. Nilimtumia mama mmoja picha zake kwa mtindo huo wa dokumenti. Simu yake ililia kuanzia adhuhuri. Magharibi akanipigia kwa simu ya jirani: "Mwanangu, nimeizima. Ukimaliza nipigie huku huku."

Nikapanda daraja, nikaingia kwenye huduma za kutuma mafaili makubwa kwa linki. Huko unapakia mzigo wote, unapewa linki, unamtumia mteja, umelala. Niliyoichagua ilikuwa inaifuta linki baada ya siku saba. Aliyetunga sheria hiyo hajawahi kumwoza mtu pwani. Siku saba za kwanza baada ya harusi maharusi wapo fungate na simu zimezimwa kwa amri ya somo. Mama mzazi anarudisha sufuria za watu. Mweka hazina wa kamati anajificha. Hakuna mtu hata mmoja mwenye nafasi ya kutazama picha, na wanapopata nafasi, linki imekufa.

Na aliyewahi kuifungua mapema naye hakusalimika, kwa sababu kilichoshuka kwenye simu yake hakikuwa picha, kilikuwa faili moja lililofungwa pamoja. Ujumbe wa sauti ulinifikia saa nne usiku, kwa sauti ya mtu aliyekwishaanza kupoteza imani na binadamu: "Shikamoo siitaki. Umenitumia zipu. Picha ziko wapi?"

Basi nikasema sasa nilipie. Huduma za kulipia zimetengenezwa kwa ajili ya wapiga picha hasa, na ni nzuri mno: picha zimepangwa, jina la biashara yako juu, rangi ya waridi, muziki ukitaka. Bei ni kwa dola, unalipa kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu, na unaomba Mungu shilingi isiteleze kati ya kianzio na salio.

Huduma niliyoianzia ilitaka kila mgeni aandike barua pepe yake kabla ya kuingia. Sasa, watu wengi wa kwetu wanazo barua pepe, ila hawajuani nazo. Ni zile zilizofunguliwa na kijana wa dukani siku simu iliponunuliwa, paswedi akaweka anayoijua yeye, na kijana mwenyewe siku hizi yuko Tunduma anauza viatu. Wachache waliovuka hapo waliambiwa kwamba namba ya siri ya kupakua imetumwa kwenye barua pepe hiyo hiyo.

Nikahamia nyingine isiyodai barua pepe. Hii ilikuwa na alama ya kopa chini ya kila picha. Wazo lao ni zuri: mteja anabonyeza kopa kwenye picha anazozipenda, mpiga picha anaziona, anatengeneza albamu ya kuchapwa. Mkataba wetu ulisema picha 60. Mama wa bibi harusi alibonyeza kopa kwenye picha zote, pamoja na ile ya meza ya maji. Nikampigia kwa adabu zote, nikamwomba apunguze.

"Nimwache nani, mwanangu? Wote hawa wamenichangia. Kesho nikifiwa nani atakuja?"

Huduma hiyo pia ilikuwa inaonesha idadi ya picha kwenye kila kabrasha, na makabrasha nilikuwa nimeyapanga kwa ustaarabu: Upande wa Bibi, Upande wa Bwana. Upande wa bwana wakahesabu. Wakaona wamepungukiwa. Shangazi yao akanipigia kuniuliza kwa upole wa kutisha kama nilisahau kwamba wao walikuja na basi zima. Tangu siku hiyo makabrasha yangu yanaitwa Asubuhi, Mchana na Usiku, na asubuhi mpaka leo haijalalamika.

Kisha nikaonjeshwa teknolojia mpya: huduma inayotambua sura. Mgeni anajipiga selfi, mtambo unapekua lundo lote na kumletea picha zake peke yake. Nikaona hapa ndipo nilipokuwa naelekea siku zote. Lakini siku ya shughuli mpambaji alikuwa ameifanya kazi yake kikamilifu. Nyusi zilichongwa upya, pua zikapunguzwa kwa poda, kope zikabandikwa, wigi zikavalishwa. Kesho yake asubuhi wageni wakajipiga selfi wakiwa na vilemba vya kulalia na mafuta ya nazi usoni. Mtambo ukawajulisha, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawakuhudhuria. Bibi harusi mwenyewe hakuwa na picha hata moja. Mdogo wake akaletewa picha za bibi yao, mtu pekee aliyekataa kupakwa rangi.

"Dada, mashine yako inasema mimi ni Bibi!"

Familia nzima ilikubaliana na mashine.

Tuje kwenye paswedi, ambayo kwenye kazi yangu si mapambo. Wanawake wananiita mimi kwa sababu ndani hatakiwi kuingia mwanamume, na yanayochezwa humo yanabaki humo. Sheria nayo ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu si kitu cha kusambaza ovyo. Kwa hiyo nafunga kila kicheni pati kwa paswedi, nayo namkabidhi mtu mmoja. Huduma nyingi zinajisifu kwa ulinzi huo, na kweli hakuna aliyeuvunja. Shangazi mmoja alichukua linki na paswedi yake, akavibandika pamoja kwenye kundi la WhatsApp akidhani ni lile la wanawake watupu. Lilikuwa la ukoo. Nilibadilisha paswedi mara tu niliposikia, lakini baba mkwe mtarajiwa alikuwa ameshajibu kwa dole gumba.

Kuna mtihani mmoja ambao hakuna matangazo yanayoutaja. Jumapili ya 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi kwa intaneti. Jumapili! Siku ambayo nusu ya jiji imeamka na harusi ya jana na inataka picha za kuweka stetasi. Huduma yangu ya dola ilikuwa nzima, salama, na haifikiki. Nikanakili picha kwenye flashi, nikaifunga kwenye bahasha, nikampa bodaboda. Za ndugu wa Iringa nikazipeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, nikamwachia kondakta, nikaandika namba ya basi. Zote zilifika. Kondakta hakuniuliza barua pepe.

Baada ya hapo niliacha kulinganisha huduma kwa kutazama majedwali yao ya GB na bei. Sasa nazijaribu kwa shangazi yangu wa Mbagala. Ana simu janja iliyopasuka kioo pembeni, bando la kuungaunga, na kidole gumba kimoja anachokiamini. Huduma yoyote inayonitongoza, namtumia linki yake, nakaa pembeni nimenyamaza, namtazama. Nyingi zilianguka kwenye ukurasa wa kwanza, pale panapouliza kwa Kiingereza kama anakubali vidakuzi. Shangazi hakubali kitu asichokijua. Akarudisha simu mfukoni, akaendelea kuchambua dagaa.

Moja ilivuka. Ilifunguka yenyewe, picha zikaja kubwa, moja moja, akazitelezesha kwa gumba huku akiwataja watu kwa majina na madeni yao. Nikamwambia sasa bonyeza hapo uzishushe. Simu ikakataa: imejaa. Nikaichukua kuitazama. Ilikuwa imejaa maua ya Ijumaa Karimu, ya miaka yote, kutoka makundi yote. Nikamwambia tufute kidogo tupate nafasi.

"Hizo ni dua," akasema. "Mtu hafuti dua."

Huduma hiyo ndiyo ninayoilipia mpaka sasa, kwa sababu aliyeshindwa pale ni simu. Nami nimeelewa nani hasa wa kumtafutia huduma. Anayeweka sahihi kwenye mkataba ni bibi harusi, naye ana simu nzuri, Kiingereza na intaneti ya ofisini. Lakini salio liko mkononi mwa mtu mwingine, na mtu huyo hatoi hela kwa picha ambazo hajaziona kwa macho yake. GB ngapi, ulinzi gani, mtambo wa sura gani, yote hayo anayauliza yule asiyeshika salio.

Kwa hiyo nimeongeza mstari mmoja kwenye mkataba wangu, chini ya tarehe na ukumbi: Mpokeaji rasmi wa picha, jina na aina ya simu. Nikishajua simu, najua pa kupeleka: linki, WhatsApp, flashi au kondakta. Mstari huo umeniepusha na mengi. Wiki iliyopita bibi harusi mmoja, msomi, mfanyakazi wa benki, aliujaza mbele yangu bila kusita.

Jina: Bibi yangu mzaa mama. Aina ya simu: Hana.

Nikampigia kijana wa kuchapa picha Kariakoo nikamuuliza, picha 700 za saizi ya postikadi, ananifanyia ngapi.