Kozi ya Wote, Isipokuwa Wewe

Hongereni, waandaaji wa kozi za mtandaoni. Mliandika "kozi kwa wote", na jamaa yangu wa Manyoni, Singida, asiyeona, akauza majogoo wawili wa kienyeji apate bando. Akafungua somo la kwanza. Simu yake, inayomsomea kila kilichoandikwa, ikatamka: "Picha." Akasogeza. "Picha." Kumbe kitini kizima kilipigwa skani kikiwa kimelala upande, na kidole gumba cha mpiga skani kimetulia ukurasa wa tatu, hicho nilikiona mimi. Video nayo? Mwalimu anaelekeza ubaoni: "Hii ukijumlisha na hii, unapata ile." Dada yake, kiziwi, akasogea, pengine yeye atafaidi. Maandishi chini ya video hakuna.

Siku ya mtihani jamaa yangu akatakiwa athibitishe kwamba yeye si roboti: achague picha zenye taa za kuongozea magari. Manyoni!

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, nanyi mmeinukuu vizuri mno kwenye ukurasa wa kwanza wa kozi. Kwa picha.