Farasi Kumi na Watano na Kafi Moja

Mimi ni mtu wa Kishanda, nami nalitaja jambo hili mwanzoni si kwa majivuno bali kwa kujitetea, kwa kuwa msomaji wa masaibu yanayofuata, asipojua nimetoka wapi, aweza kudhani kwamba nilikuwa mvuvi mbaya, hali ukweli ni kwamba sikuwa mvuvi kabisa. Kwetu hadhi ya mtu huhesabiwa kwa migomba na mibuni yake. Mtoto hujua kumenya ndizi kabla ya kujua kuandika jina lake, na maji mengi anayoyafahamu ni yale yanayochemka sufuriani. Ziwa Viktoria, pamoja na ukubwa wake wa takriban kilomita za mraba 68,800, sisi tulilijua kwa njia ya samaki aliyeletwa sokoni, naye aghalabu alikuwa amekwisha kukaushwa, asiweze tena kutueleza habari za huko alikotoka.

Chanzo cha msiba wangu kilikuwa mpwa wangu aishiye Marekani, ambaye siku moja aliniletea kwa simu picha yake akiwa ameketi ndani ya kayaki, yaani kimtumbwi chembamba cha plastiki chenye rangi ya ndizi mbivu, ameshika mshipi mkononi na kutabasamu kama mtu aliyeachiwa urithi. Alinieleza kwamba chombo hicho asili yake ni kwa Wainuit wa nchi za barafu, ambao walikiunda kwa kiunzi cha miti au mifupa kilichovikwa ngozi ya sili, na wakakiendesha kimya kimya kwa kafi lenye bapa mbili ili mnyama wa baharini asishtuke. Lakini siku hizi, alisema, wako wanaokifunga mashine ndogo ya betri, na wavuvi wamegawanyika mafungu mawili yasiyosalimiana vizuri. Fungu moja lasema kwamba kayaki bila kafi ni kama sala bila kupiga magoti. Fungu la pili lajibu kwamba Mwenyezi Mungu alimpa mwanadamu akili ili mabega yapumzike. Mpwa wangu akaniuliza mimi, mjomba wake, niko upande gani.

Niliona ni aibu mtu wa umri wangu kuulizwa swali na kukosa upande, nikamjibu mara moja kwamba mimi ni mtu wa mashine. Na kwa kuwa neno likitoka halirudi, nikajiona nina wajibu wa kulithibitisha.

Baba yangu mdogo alihamia ufukoni zamani, kwenye mwalo mmoja wa Muleba unaotazamana na kisiwa cha Bumbire, naye kwa miaka yote hiyo amevua sato kwa mtumbwi wa kafi, ndoana na nyungunyungu. Nilipomfikia na kumweleza kwamba nimekuja kuvua kwa mashine, alinitazama kitambo, akauliza kama nyumbani wote ni wazima. Nikamwambia ni wazima. Akasema, "Basi kama hakuna msiba, mwanangu, haraka ya nini?"

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuazima mtumbwi wa mbao wa rafiki mmoja na kukodi mashine yenye nguvu za farasi kumi na watano. Hesabu hiyo ilinilevya. Kwetu farasi hatuwajui, twawajua ng'ombe wenye pembe ndefu, na hata hao hatujapata kumwona mtu akiwaendesha kumi na watano kwa mkono mmoja. Nami nikaketi tezini nimeushika mpini wa mashine kama mkama, yaani mfalme wa kwetu, aliyeketi juu ya kiti chake. Mwenye mtumbwi alikuja mbio na kafi, akanisihi nilichukue. Nikamwambia kwa murua mwingi kwamba farasi hawaendeshwi kwa kafi. Akalirudisha pwani, akaliegemeza kwenye jiwe, na kafi lile likabaki likinitazama nilipokuwa nikiondoka.

Ilikuwa alfajiri, na upepo wa nchi kavu, ambao usiku hadi asubuhi huvuma kuelekea ziwani, ulikuwa ukinisukuma mgongoni, hata nikadhani ni mashine peke yake inayonipeleka kasi namna ile. Nilimkuta Baba Mdogo njiani akipiga kafi polepole, nikampita kwa mbali kidogo lakini si kwa mbali kama adabu ilivyotaka, mawimbi yangu yakaupandisha na kuushusha mtumbwi wake, nami nikainua mkono kumsalimu jinsi wakubwa wanavyoinua mkono wakiwa ndani ya magari. Yeye alishikilia kafi lake kwa mikono miwili akingoja mawimbi yapite. Hakuinua mkono.

Yasemekana kwamba Ole Evinrude, yule Mmarekani mzaliwa wa Norwe aliyeanza kuuza mashine za mitumbwi mwaka 1909, aliipata fikira yake siku alipopiga makasia ziwani katika jua kali kumletea mchumba wake aisikirimu, na alipofika aisikirimu imekwisha kuyeyuka. Mimi kisa hicho nakipenda, na asubuhi ile nilikuwa nikikitafakari kwa furaha, nikiwaza jinsi mapenzi yalivyoleta maendeleo duniani, mara mashine ikakohoa. Ikakohoa tena kama mzee anayetaka kutoa hoja barazani. Kisha ikanyamaza, na ukimya ulioshuka juu ya ziwa ulikuwa mkubwa hata nikasikia moyo wangu.

Nilivuta kamba ya kuwashia mara ishirini. Mara ya ishirini na moja niliteleza, nikaketi juu ya kopo la nyungunyungu. Sababu ya ugonjwa ule nilikuja kuijua jioni kwa fundi: tangi la petroli lina tundu dogo la kupumulia juu ya kifuniko chake, na tundu hilo lazima liachwe wazi, kwa kuwa petroli inavyotoka hewa haina budi kuingia mahali pake, la sivyo tangi hujinyonga na mashine hufa njaa karibu na chakula. Tundu lile lilikuwa wazi. Nililifunga mimi, kwa mkono wangu, kwa nguvu zangu zote, kwa sababu sikupenda harufu.

Nikingoja rehema, nikatupa mshipi, nisije nikaonekana mtu asiye na shughuli. Sudi ikanijia: nikamvuta sangara. Lakini sheria yakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na huyu wangu, nilipomlaza juu ya ubao na kumpima kwa shubiri, hata nilipoitanua shubiri yangu kwa upendeleo uliopita kiasi, hakufika hata nusu. Nikamrudisha majini, naye akaenda zake kwa kasi ambayo mimi sikuwa nayo. Nikatupa mshipi tena.

Hapo, kwa kuwa tangi lilikuwa limepata kujivutia hewa kidogo mahali fulani, nilipojaribu kamba mashine iliwaka kwa ngurumo, nami kwa furaha nikaipa moto wote. Mshipi niliusahau. Ulikuwa ukining'inia nyuma, ukaingia kwenye rafadha, ukajizungusha, ukajikaza, na mashine ikasimama kwa mshtuko ulionitupa magotini. Na hivyo samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kuwanasa katika aushi yangu alikuwa ni mashine yangu mwenyewe.

Upepo uliokuwa rafiki yangu sasa ulikuwa adui, maana uliendelea kunipeleka kule kule, mbali na nchi kavu, kuelekea Bumbire. Wahenga wa ziwa hili walimjua Mugasha, mwenye maji na tufani, nao hawakushuka ziwani bila kumpa heshima yake; mimi nilikuwa nimeshuka na heshima zangu mwenyewe tu, nami nikaanza kuhisi kwamba hazikutosha. Hapo ndipo nilipomkumbuka Stanley. Mwaka 1875 msafiri huyo alifika kisiwani Bumbire na mashua yake, Lady Alice, watu wa kisiwa wakamnyang'anya makasia, naye alipokimbia mabaharia wake waling'oa mbao za ndani ya mashua wakazitumia kama makasia mpaka wakaokoka. Yaliyofuata hayachekeshi, kwani miezi michache baadaye alirudi na bunduki akaua watu wengi wa kisiwa kile kwa kisasi. Lakini katika dhiki mtu huazima elimu popote aipatapo, nami nikaung'oa ubao niliokuwa nimeukalia.

Tofauti ya Stanley nami ilikuwa kwamba yeye alinyang'anywa makasia, na mimi nilipewa kafi nikalikataa. Na tofauti ya pili ni kwamba mabaharia wake walikuwa wengi, wakapiga pande zote mbili. Mimi nilipiga upande mmoja mtumbwi ukazunguka. Nikahamia upande wa pili, ukazunguka kurudi. Nilizunguka hivyo muda mrefu, nikaiona Bumbire, nikaiona Muleba, nikaiona Bumbire tena, kama mtu anayeonyeshwa bidhaa asizoweza kuzinunua. Fauka ya hayo, kwa vile ubao ule ulikuwa unashikilia kitu fulani ambacho maana yake sikuijua, kalafati ililegea na maji yakaanza kuingia chini, nikaacha kupiga ubao nikainama kuchota maji kwa dumu lililokatwa. Watu wa pwani husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Methali hiyo niliikariri shuleni nikapata alama zote; sikujua kwamba siku moja ningeifanyia mtihani wa vitendo.

Baba Mdogo alinifikia kabla ya adhuhuri. Alikuja kwa mwendo ule ule aliokuwa nao alfajiri, wala kafi lake halikutoa sauti, na ndani ya mtumbwi wake walikuwamo sato saba. Aliitazama mashine, akautazama ubao mkononi mwangu, akautazama mshipi uliokuwa umeivika rafadha kama bandeji, na staha yake ilikuwa kubwa hata hakucheka mpaka alipogeuza uso.

"Mwanangu," akasema, "farasi wamekwenda wapi?"

"Baba Mdogo," nikasema, "wamelala."

Akanirushia kamba, nikaifunga omoni. Kisha akanipa kafi lake la pili. Nikamwuliza la nini, kwa kuwa nilidhani ananivuta. Akajibu, "Kamba ni ya kukuonyesha njia. Wa kuusukuma mtumbwi ni wewe." Tukapiga kafi, yeye mbele kama kwamba hapigi, mimi nyuma kama mtu anayepigana na maji, malengelenge yakatoka, yakapasuka, yakatoka mengine. Alinifundisha kuugeuza ubapa wa kafi mwishoni mwa kila pigo ili mtumbwi usizunguke, jambo dogo ambalo falau ningalilijua asubuhi, ningalisalimika na utalii wote ule. Akanituliza pia kuhusu upepo: mchana, nchi kavu ikishapata joto, upepo hugeuka ukavuma kutoka ziwani, na mwenye subira hurudishwa nyumbani bure. Kweli, jua lilipopinda, maji yalianza kutusaidia.

Nilitegemea kwamba mzee yule atanipa hotuba dhidi ya mashine, nami nilikuwa tayari kuikubali yote. Hakunipa. Alisema kwamba mashine ni kitu chema: sangara wakubwa wako mbali, na anayewafuata kwa kafi hufika amechoka na kurudi samaki wameharibika, na usiku mmoja mke wa jirani yake alishikwa na uchungu kisiwani, akaletwa nchi kavu kwa mashine, akajifungua salama hospitalini. "Usiku ule," alisema, "kafi lingemuua." Lakini sato wa karibu na matete hataki ngurumo, na petroli hainywi ila fedha. Mimi siku ile nilikuwa nimeichukua mashine ya masafa ya sangara nikaipeleka kwenye maji ya sato, tena kwa sababu ya picha.

Hesabu yangu ilikuwa hivi: petroli lita kumi, mshipi mmoja, ubao mmoja uliolipiwa fundi, na samaki hakuna. Hesabu ya Baba Mdogo ilikuwa sato saba na jasho kidogo. Akanipa sato wawili, akisema nyumbani wananingoja na si vizuri kuwaonyesha mikono mitupu yenye malengelenge. Nilipofika Kishanda usiku, mke wangu aliwafunua, akawahesabu, jambo lisilohitaji muda, akauliza, "Hawa ndio samaki wa farasi kumi na watano?"

Nikasema, "Hapana. Hawa ni wa kafi."

Mpwa wangu nilimwandikia kesho yake kwamba ninabatilisha jibu langu, na kwamba sina upande. Tangu hapo nimeshuka ziwani mara kadhaa, mara nyingine kwa mashine, na tundu la tangi hulifungua kabla ya kufungua kamba ya mtumbwi. Nawe msomaji, ukijaaliwa kuvua kwa mashine, nakusihi uchukue makafi mawili, moja la kwako na moja la kumwazima mwenzio atakayekupita kwa kasi alfajiri akiinua mkono. La kwangu la pili nilikwisha kuliazimisha mwezi uliopita, wala halijarudi.