Utukufu wa Kugawa kwa Nane

Washairi wamesifu wapenzi, mashujaa na hata ng'ombe. Leo nasimama kuisifu kazi isiyo na mshabiki: kubadili kasi ya data kutoka kipimo kimoja hadi kingine, kwenye diski na kebo za kompyuta za zamani. Wanaoiita kero ni watovu wa shukrani.

Sifa yake ya kwanza ni kwamba humzindua aliyelala. Diski ya ST-506 ya mwaka 1980 ilipeleka data kwa 5 kwa sekunde. SCSI ya kwanza, njia ya kuunganisha diski na kompyuta iliyopitishwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1986, nayo ilifika 5 kwa sekunde. Mvivu ataziona pacha. Lakini 5 ya kwanza ni megabiti, na 5 ya pili ni megabaiti, na baiti moja ina biti nane. Gawa kwa nane, na ST-506 inabaki na kilobaiti 625.

Sifa ya pili: haikuachi ubweteke. Ukishazoea kugawa kwa nane na kujiona bingwa, inakuja kebo ya diski ya SATA ya mwaka 2003 na gigabiti zake 1.5 kwa sekunde. Unagawa, unapata megabaiti 187.5, unapiga kifua. Umekosea. Ndani ya kebo hiyo kila biti 8 za data husafirishwa kama biti 10, ili upande unaopokea usipoteze mapigo ya saa. Kwa hiyo hapa unagawa kwa kumi, unapata 150. Kebo bapa ya ATA iliyotangulia ilikuwa imeshafika 133. Shangwe yote ile, tofauti ni 17 tu, na diski nyingi za siku zile hazikufikisha hata nusu ya hizo.

Sifa ya tatu ni heshima kwa ukoo. Tazama watoto wa SCSI: Fast ilifika megabaiti 10, Ultra ikafika 20. Lakini Fast iliyopanuliwa njia kutoka biti 8 hadi 16, yaani Fast Wide, nayo ilifika 20. Mdogo na mkubwa wakalingana, na kila mmoja akabaki na jina lake la kujivunia. Baadaye waungwana wakachoka, wakaandika namba kwenye jina lenyewe: Ultra160, Ultra320. Siku hiyo hesabu yetu ilipata msiba.

Ila kilele cha utukufu ni flopi ya inchi 3.5, ile iliyoandikwa MB 1.44. Ina baiti 1,474,560. Ukihesabu megabaiti kuwa baiti 1,000,000, ni 1.47. Ukiihesabu kuwa 1,048,576, ni 1.41. Hiyo 1.44 imetoka wapi? Walizidisha 1,000 kwa 1,024, wakapata megabaiti ya tatu isiyo na baba wala mama, na dunia nzima ikaikubali kwa miaka. Taja kazi nyingine yenye uhuru kama huo.

Na kwa fundi hesabu hii ni ngao. Mteja analeta diski ya IDE, yaani ATA ile ya kebo bapa, ya gigabaiti 40, iliyojaa picha za harusi, anataka zinakiliwe "sasa hivi, nasubiri hapa." Diski ni ya ATA/100, mteja amesoma kwenye lebo, anajua kwamba 100 ni nyingi. Fundi anaichomeka kwa adapta kwenye kompyuta kuukuu yenye USB 1.1, ya megabiti 12. Gawa kwa nane: megabaiti 1.5 kwa sekunde. Gigabaiti 40 zitachukua zaidi ya saa saba, na hapo ni kwa hesabu ya karatasi. Angekuwa na USB 2.0, megabiti zake 480 ni megabaiti 60 kwa maandishi, na kwa vitendo mara nyingi nusu yake. Akisema aichomeke moja kwa moja kwa kebo bapa, aangalie vizuri: kebo ya nyuzi 40 na ya nyuzi 80 zina pini 40 zilezile, ila kwenye ile ya nyuzi 40 mwendo unashushwa hadi 33, mara nyingi kimyakimya. Mwenye hesabu anamwambia mteja bila kutetereka: "Mama, nenda sokoni, rudi jioni." Asiye nayo anasema dakika kumi, kisha anaanza kuilaani mashine.

Msidhani hesabu hii imezikwa na diski hizo. Kifurushi cha intaneti cha megabiti 20 bado kinakupa megabaiti 2.5 kwa sekunde, na tangazo halitakugawia. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, tazama kama b ni ndogo, ya biti, au kubwa, ya baiti, kisha gawa mwenyewe.