Rufaa ya Mwalimu

Majirani zetu Wachaga wana utani wao: Mpare atauza ng'ombe apate nauli na ada ya mahakama, ili mradi ashinde kesi ya kuku. Wapare wenyewe tunacheka, kisha tunauliza huyo kuku alikuwa wa nani na mashahidi walikuwepo. Kwa hiyo laptopu yetu hapa Same ilipotoa tangazo kwamba huduma ya Windows 10 inakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kompyuta hii haikidhi masharti ya kupokea Windows 11, mume wangu hakuona tangazo. Aliona hukumu, tena iliyotolewa bila mshtakiwa kusikilizwa.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Mtaa mzima unamwita Mwalimu, mimi nikiwamo.

"Mama," aliniita kutoka sebuleni, "njoo usome mwenyewe. Wanasema imezeeka."

Nikasoma. Sikupata hilo neno, ila kwa mtu aliyepokea barua ya kustaafu juzi juzi, mengine yote yalisomeka vilevile.

Laptopu yenyewe ni ya 2014. Kijana wetu wa kwanza alitununulia Kariakoo ikiwa imeshatumika huko Ulaya. Herufi A imefutika, betri imebaki jina, lakini ukiichomeka kwenye umeme inafanya kazi kuanzia asubuhi mpaka taarifa ya habari. Binti yetu wa kidato cha nne anaitumia kupitia mitihani ya nyuma, na mimi, mhazini wa kikoba cha akina mama, nimeweka humo hisa, mikopo na faini za wachelewaji. Kununua nyingine? Mwalimu aliuliza swali hilo kwa sauti ya mtu anayeuliza kama tununue ndege.

Kijana yuko Dodoma anasomea hayo hayo mambo ya kompyuta. Alitufafanulia kwa simu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu, zilizoanza kutoka 2017. Yetu ni ya kizazi cha nne. Inataka chipu iitwayo TPM, ya kutunzia funguo za siri pasipofikiwa kirahisi na virusi, na lazima iwe toleo la 2.0, yetu ni 1.2. Ramu inatakiwa GB 4, tunazo 8. Diski inatakiwa GB 64, tunazo 500.

"Mawili tumeshinda, mawili tumeshindwa," Mwalimu akasema. "Hiyo ni sare. Sare haimfukuzi mtu."

Kijana alieleza pia kwamba kompyuta haitazimika siku hiyo. Itawaka kama kawaida, ila tundu lolote la usalama litakalogundulika baadaye halitazibwa. Na kampuni yenye Windows imeacha mlango wa pembeni: mwaka mmoja zaidi wa viraka vya usalama, hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila kulipa ukikubali kuingia kwa akaunti yao na kuhifadhi mipangilio ya mashine yako kwao. Ningeachiwa mimi, tungechukua hiyo ya bure tukaendelea na maisha. Mwalimu alitikisa kichwa. "Hiyo ni dhamana. Mimi nataka kufutiwa mashtaka."

Basi rufaa ikaanza, na kama zilivyo rufaa zote ilianza kwa kutoa hela.

Faili la Windows 11 linazidi GB 5. Kwetu hakuna intaneti ya waya. Kuna bando la usiku na simu ya Mwalimu, nayo hushika mtandao vizuri ikiwekwa dirishani tu, upande wa barabara kuu. Aliyewahi kushuka stendi ya Same anaujua upepo wetu. Alfajiri, upakuaji ukiwa umebakiza kidogo, pazia liliinuka, likaipiga simu, na simu ikatumbukia kwenye beseni la mahindi niliyokuwa nimeloweka kwa ajili ya makande. Nilisikia Mwalimu akikimbia pekupeku. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Chome kuja kutibiwa macho, alijitokeza mlangoni na khanga yake, akatazama mwanawe anavyokung'uta maji kwenye simu, akauliza: "Baba, mahindi yana nini?"

Simu ilianikwa juani ikapona. Bando halikupona. Usiku uliofuata umeme ulikatika, na kama tunavyojua, laptopu isiyo na betri hujua kabla ya taa. Faili lilikuja kukamilika wakati kila mtu nyumbani ameshaacha kuuliza.

Ikabaki kuliweka kwenye flashi. Mwalimu alikuwa amenunua flashi ya GB 64 kwa kijana mmoja anayetembeza bidhaa stendi, kwa bei iliyomfurahisha sana. Mimi bei ikimfurahisha Mwalimu huwa nashtuka, lakini nilikuwa na chapati jikoni. Kwanza alinakili mafaili kwa mkono. Flashi ikakataa moja, ikisema ni kubwa mno, na huku nafasi ipo tele. Kijana akacheka huko Dodoma: flashi hiyo ilikuwa imepangwa kwa FAT32, mpangilio ambao haupokei faili moja lililozidi GB 4, na ndani ya Windows 11 limo moja la namna hiyo. Akamwelekeza kwenye Rufus, programu ndogo ya bure iliyotengenezwa na Pete Batard. Ukiipa faili la Windows 11, kabla haijaanza kazi inakuuliza kama ungependa iondoe sharti la TPM 2.0, la Secure Boot na la ramu. Kuna kisanduku. Unaweka tiki.

Mwalimu aliacha kipanya.

"Yaani sharti lote lile linaondoka kwa tiki?"

"Ndiyo, baba."

"Basi halikuwa sharti. Lilikuwa karatasi."

Nadhani hapo alikuwa na haki, ingawa si yote. TPM ina kazi yake, na kampuni ina haki ya kusema itahudumia mashine zipi. Lakini prosesa ya 2014 inaweza kabisa kuendesha Windows 11. Mkono wake haujakatika, umezuiliwa. Tofauti hiyo ilikuja kutugharimu kwa namna nyingine baadaye, maana Mwalimu aliondoka pale akiamini kila kizuizi duniani ni karatasi.

Usiku huo akapiga Windows mpya. Palipoulizwa kuhusu diski akachagua kufuta vyote aanze upya, kama mafundi wanavyoshauri. Diski ikafutwa. Mafaili yakaanza kuingia, yakafika kati, na kioo kikaandika kwamba faili limeharibika. Akarudia. Vilevile. Laptopu sasa haikuwa na Windows 10 wala 11, na lile faili la GB 5 tulilolipigania na upepo lilikuwa kwenye diski hiyo hiyo.

Na hesabu za kikoba pia.

Sikupiga kelele. Mama mkwe alikuwa bado yupo, na mke hapigi kelele mbele ya mama mkwe. Nilimuuliza tu Mwalimu kama anakumbuka kikao ni Jumapili.

Asubuhi alikwenda na flashi yake kwa jirani mwenye steshenari. Kule waliipima kwa programu ya Kijerumani, H2testw, ambayo hujaza flashi data mpaka pomoni kisha huisoma yote na kulinganisha. GB 64 zilikuwa GB 4. Flashi za namna hii chipu yake imefundishwa kutaja ukubwa ambao haina. Kompyuta inaamini, inaandika, na mpaka mwisho haioni kosa; kinachozidi nafasi halisi kinapotea, au kinaandikwa juu ya kilichotangulia. Unagundua siku ya kusoma. Mwalimu alikwenda stendi na flashi mfukoni, sina shaka kifungu cha sheria alishakitafuta, lakini muuzaji alikuwa ameshahamia mnada wa kijiji kingine na hakuna aliyejua ni kipi.

Sisi huku tulikuwa na kaunta buku. Mimi sijawahi kuiamini kompyuta kiasi cha kutupa kaunta buku, na hii yetu ina mistari niliyoichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, na ukurasa mmoja unanukia tangawizi, kwa sababu mwenzetu mmoja anayechukua mzigo Mamba Miamba hulipa mkopo wake akiwa ametoka kupakua magunia. Kwenye kundi la WhatsApp nilikuta nakala ya hesabu za miezi ya nyuma. Binti akaingiza zilizobaki kwenye kompyuta ya steshenari, mimi nikimsomea: hisa, mkopo, faini, hisa. Jumapili wanakikoba walipata hesabu zao zikiwa zimepigwa chapa, na hakuna aliyejua. Wakisoma hapa ndipo watakapojua.

Flashi halisi ilinunuliwa dukani, kwa risiti. Bando likanunuliwa tena. Safari hii Windows 11 iliingia, na lazima niseme ilikuwa nzuri: madirisha yenye kona za mviringo, kitufe cha kuanzia kimehamia katikati. Ilikuwa nzito pia. Diski yetu ni ile ya zamani inayozunguka, kwa hiyo ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji ukarudi. Kijana alionya kwamba viraka vya kila mwezi vinaweza kuja bila shida lakini kampuni haijaahidi, na matoleo makubwa ya kila mwaka mashine kama yetu huwa hayajiingizi yenyewe. Itabidi flashi na tiki tena. Rufaa imeshinda, ila kila mwaka kuna kutajwa.

Hapo ndipo Mwalimu alipoigeukia ile ya mezani.

Tuna kompyuta ya mezani ya 2008, yenye prosesa ya Core 2 Duo, ambayo kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kubeba kitambaa nilichofuma kwa sindano moja. Mwalimu alikitoa kitambaa, akachomeka flashi, akaweka imani. Nembo ilitokea, kompyuta ikazima ikawaka. Nembo, kuzima, kuwaka. Alibadilisha waya. Alibadilisha soketi. Alitaka kubadilisha na chumba.

Kijana akamwambia ukweli. Windows 11 ya toleo la 2024 imeandikwa ikitegemea amri fulani za prosesa, za kundi la SSE4.2, na mojawapo huitwa POPCNT, ya kuhesabu biti. Core 2 Duo haina amri hizo. Hakuna tiki ya kuziongeza, kwa sababu hazikuchongwa kwenye chuma.

"Baba, ile ya kwanza ilikatazwa. Hii haiwezi."

Mwalimu alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo alipaswa kuanza nalo, nami nilimpenda kwa kuliuliza: "Sasa inaweza nini?"

Inaweza Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, tena wa bure. Kijana alimtumia jirani wa steshenari toleo la 22, lile la Xfce ambalo ni jepesi, na tukaongeza ramu kutoka GB 2 hadi 4 kwa vipande vya mashine iliyokufa. Mint 22 ilitoka 2024 na itahudumiwa hadi 2029, kwenye prosesa ya 2008, bila kuombwa tiki. Hesabu za kikoba zilifunguka kwenye LibreOffice. Mwalimu alikumbuka kwamba habari hizi za programu za bure si ngeni nchini: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya bure iliyozungumza Kiswahili, kabla watu wengi hawajashika kipanya. Alilisema hilo kwa fahari kana kwamba alikuwamo.

Mama mkwe aliletewa kiti aone. Alitazama kioo, akatazama vidole vya mjukuu wake.

"Zamani ilikuwa inaandika," alisema. "Sasa inaandika. Hela imekwenda wapi?"

Habari zilisambaa. Shemeji alileta MacBook Pro ya 2012, ambayo Apple waliiacha kwenye macOS Catalina ya 2019. Kijana akamtajia OpenCore Legacy Patcher, kazi ya watu wanaojitolea kuzipa Mac za zamani mifumo mipya, na Mwalimu sasa anaisoma usiku kama alivyokuwa anasoma maazimio ya kazi. Mwenye duka la dawa akaleta yake. Mwalimu mwenzake kutoka Mwembe akaja na mbili kwenye mfuko wa rambo. Wanakuja saa za kula, wanakaa mpaka mashine imalize, na mashine ya zamani haimalizi upesi. Makande ya watu wanne yamekuwa ya watu tisa.

Wiki iliyopita nilichukua kaunta buku mpya. Nimechora mistari: jina, aina ya mashine, mwaka, nakala ya mafaili imehifadhiwa au bado, flashi ni ya nani. Safu ya mwisho ni malipo. Mwalimu anasema si vizuri kuwatoza majirani. Nimemwambia kama hakubaliani, akate rufaa kwa mama yake, ambaye ndiye aliyependekeza bei.